Kwa Nini Baba Husimama Mbele ya Vioo

Nyumbani, ghorofa ya kwanza,
Jumatano, 14 Oktoba.

Mpendwa Kaka, Kiguu na Njia wetu,

Pokea salamu zangu nyingi pamoja na za Mama, ambaye amekaa hapa pembeni na ameniamuru nikuulize kwanza kama kile kikohozi kimeisha. Kimeisha? Wifi hajambo? Na mapacha, wanalala sasa, au bado wanapokezana kulia kama ninyi wauguzi mnavyopokezana zamu? Sisi hatujambo. Magoti ya Baba ni yaleyale, ngazi haziwezi mpaka abembelezwe, lakini anakula vizuri na anagombana na redio kama kawaida yake.

Kazini tumelemewa. Shule zimefungua na kila mwalimu mkuu anataka bango, tena analitaka jana. Mashine yetu kubwa ya kuchapa iliharibika Jumatatu, ikapona Jumanne. Fundi anasema hakuifanya kitu, aliifungua tu akaifunga.

Sasa tuje kwenye lako. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, nikaona nikujibu kwa barua, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi, wewe umeshaimaliza.

Mwezi uliopita uliniambia nizime ile miale ya mwanga, ule mpangilio wa kuchora mwanga na vioo kama vya kweli, kwenye gemu mnalocheza mtandaoni wewe na Baba kila Jumapili, eti inafanya kompyuta ya Baba iburure miguu na yeye anakuangusha. Nikaizima bila kumwambia. Gemu likawa jepesi kweli, kutoka fremu, yaani picha, thelathini na kitu kwa sekunde hadi zaidi ya mia. Nilijisifu. Jumapili ya kwanza Baba alicheza kimyakimya. Ya pili aliweka kontrola mezani katikati ya mchezo, akasema ule mji umekufa, akaenda kulala saa kumi alasiri. Ndipo ukaandika kwamba akili ya Baba inapungua, kwamba hata zamani alikuwa anasimama tu akitazama kuta huku wewe unashambuliwa peke yako, kwamba nimpeleke akapimwe, na kwamba utaacha kucheza naye mpaka tujue moja.

Kaka, hilo la mwisho limeniuma. Jumapili ndiyo siku pekee mnayokutana. Tena wewe muuguzi, kila anayekaa kimya kwako ni mgonjwa. Hata hivyo sikutaka lawama, nikampeleka kliniki Ijumaa. Daktari alimuuliza tarehe, akamtajia. Alimwambia achore saa, akachora, kisha akamweleza daktari kwamba kioo cha dirisha lake kimewekwa bila mpira na mvua itakapokuja ataona. Kumbukumbu iko sawa, ameandika hivyo. Amempa dawa ya magoti.

Basi kama akili iko sawa, kwa nini anasimama? Nilirudi nyumbani, nikaiwasha ile miale, nikaketi karibu naye nione mwenyewe.

Unajua Baba ameweka vioo miaka thelathini na minne. Alikuwa akiwafundisha wanagenzi wake wakague kioo kwa kupita mbele yake polepole, wakiangalia paa la ng'ambo: kioo kibovu hupindisha paa. Ndivyo anavyotembea kwenye lile gemu. Wewe unakimbilia adui, yeye anakagua madirisha. Akanionyesha kitu ambacho mimi na macho yangu ya kazi sikuwahi kukiona. Miale ikiwa imezimwa, kioo kinaonyesha vile tu ambavyo tayari viko kwenye skrini. Ukiinamisha macho kidogo, jengo la ng'ambo linafutika kwenye kioo, kama vile halikuwahi kujengwa. Ikiwashwa, kioo kinaonyesha na yaliyo nyuma ya mgongo wako. Anasema hicho ndicho kioo, kile kingine ni bati lililopakwa rangi.

Na ule uzito? Nimeupunguza kwa ile akili bandia ya kukuza picha. Kompyuta inachora picha ndogo, kisha akili bandia inaipanua na kujaza palipopungua. Wewe unaiita uchawi, lakini mimi nimeizoea kazini, na siiamini hata kidogo. Juzi mteja mmoja alileta picha ya simu ya harusi yake, ndogo kama stempu, akataka iwe kubwa kama mlango. Tukaipitisha kwenye mashine. Bwana harusi alitoka anang'aa, ngozi nyororo, na meno yasiyopungua arobaini. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Kilichopungua, mashine haikijui. Inakibuni.

Kwenye gemu hali si mbaya hivyo, kwa sababu picha zinapita nyingi kila sekunde na moja inaisaidia nyingine. Lakini maandishi ya mabango ya mbali yanatetemeka, na nyaya za umeme zinaacha mkia ukigeuka haraka. Baba aliuona mkia huo kabla yangu. Kuna na kitufe kingine cha kubuni fremu nzima za katikati. Hicho nimekizima, maana namba inapanda lakini ukibonyeza, mkono unachelewa. Ni namba za kujisifia tu. Sasa tunapata kama fremu sitini, na zinatosha.

Kwa hiyo ulipouliza kama mambo haya yana faida yoyote kwa mchezaji au ni mbwembwe za wauza kadi za picha za kompyuta, jibu langu ni kwamba inategemea anacheza nini. Anayecheza kushinda kama wewe, azime miale yote akimbie zake. Hana muda wa kuangalia dirisha, na adui hamngoji. Mimi mwenyewe ningezima. Ukuzaji wa picha nao ni msaada kwa kadi iliyochoka, lakini haugeuzi kadi mbovu kuwa nzuri.

Lakini Baba hachezi kushinda, Kaka, na ningeishia hapo kama nisingemuuliza swali moja zaidi. Kuna duka la saa kwenye kona, lenye kioo kutoka chini hadi juu, na hapo alisimama muda mrefu kuliko popote. Nikamuuliza kioo kile kina kasoro gani. Akasema hakina.

Akaniambia hivi: "Humu ndani mimi sijioni, naona mikono yangu tu. Kaka yako naye namwona mgongo, kila siku anakimbia. Kwenye hiki kioo ndipo akipita nyuma yangu tunaonekana wote wawili tumesimama pamoja. Tatizo hakai."

Nikamwambia yule si wewe Kaka, ni kikaragosi, wachezaji wote wamepewa sura ileile. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja wa picha ndogo. Akasema anajua, yeye si mtoto. Ila kile kikaragosi kinageuka unapogeuka wewe na kinarukaruka unapokosa subira, kwa hiyo ni wewe.

Nilienda jikoni, nikajifanya naosha vikombe. Miaka sita, Kaka. Mara ya mwisho mlisimama pamoja ni siku ulipoondoka, na hata siku ile ulikuwa na haraka.

Sikulaumu. Najua likizo hazitoki hivihivi, na watoto bado wachanga. Ila usiache Jumapili, na usiniambie tena niizime ile miale.

Nisalimie sana wifi yangu, wabusu mapacha, mmoja mara mbili, nitakuambia yupi nikiwaona. Mama anasema hicho kikohozi ukapimwe, wauguzi ndio wagonjwa wabishi kuliko wote. Mungu akulinde kazini na akurudishe kila siku kwa wanao ukiwa mzima.

Jumapili, mkifika kwenye duka la saa, atasimama. Na wewe simama. Upande wake ni wa kushoto, kulia amekuachia.

Ndimi mdogo wako nikupendaye na kukutania,

Mpiga Chapa