Zuleikha na Mawe ya Dudley

Jumatatu, 6 Oktoba

Dawa. Uji. Dawa tena. Salma kanifunga kamba za viatu kama mtoto wa chuo cha Kurani, kisha akaenda kazini.

Nimewaficha watu jambo moja. Wote wanaamini nikifa nataka kurudishwa Unguja, nizikwe ubavuni pa baba yangu. Sitaki. Nataka kuzikwa hapa Birmingham, alipozikwa mke wangu Zuleikha. Kila wanaponiahidi safari ile naitikia kwa kichwa na kusema inshallah. Sasa daktari hana tena dawa ila ya kutuliza maumivu. Lazima niseme, na wa kuambiwa kwanza ni Salma, mwanangu wa pekee.

Si ndani ya nyumba hii. Hapa sebule haikauki wageni. Nimemwomba anipeleke mji jirani wa Dudley, kwenye magofu ya ngome. Kanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo ndiyo ilikuwa siku. Salma kaomba ruhusa kazini. Koti nimeshavaa, kofia nimeshavaa, hodi mlangoni. Bwana Mbarouk, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kaja kutoka Alum Rock na mkewe Bi Asya na sufuria ya mchuzi wa pweza. Watu wakija kumtazama mgonjwa, mgonjwa hatoki. Nikavua koti.

"Mwalimu, na hali hii ulikuwa unakwenda wapi?"

"Dudley. Kuona ngome."

"Ngome! Si urudi ukaone Ngome Kongwe ya kwenu? Ile angalau ina jua."

Wakacheka. Mbarouk ni Mpemba, hunitania mimi Muunguja tangu tujuane, na siku nyingine hucheka naye. Leo nilitamani kummwagia mchuzi wake. Kisha kashusha sauti: mpwa wangu kule keshasafisha mahali kando ya kaburi la baba. Kila kitu tayari. Nimebaki mimi tu kufa.

Nikasema inshallah. Mwoga.

Wameondoka baada ya Alasiri. Mvua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Familia nzima kutoka Great Barr. Umelalaje, Mwalimu? Sikulala. Watoto wao wamenisalimu kwa Kiingereza, macho kwenye simu.

Kinachoniudhi zaidi: desturi hii niliisimamia mimi mwenyewe. Tulipofika nchi hii nilisema mgonjwa wetu asiachwe peke yake hata siku moja. Wamenisikiliza. Katika yote niliyowafundisha, wameshika hili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemkaripia Salma bila kosa. Alisema tuiache safari mpaka nipate nguvu. Nguvu zipi? Akauliza kuna nini Dudley. Nikasema kuna mama yako. Kanitazama kwa woga. Kadhani akili imeanza kuondoka.

Nilimweleza. Kwetu nilikuwa nafundisha historia. Nilikuwa nachora ngome ubaoni, mnara, ukuta, handaki la maji, nami sijaiona hata moja. Ya kwanza kuiona kwa macho yangu ni ile ya Dudley. Nilikwenda na Zuleikha, Salma akiwa bado mchanga. Alitandika mkeka uani, akamimina chai, akatoa vileja. Alizitazama kuta na kusema, "Watu hawa hawana haya. Nyumba imebomoka na bado wanatoza kiingilio." Tukawa tunakwenda kila mwaka. Mimi kwa ajili ya mawe. Yeye kwa ajili yangu.

Kuna jingine alilosema pale. Hilo sikumweleza Salma.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumetoroka. Mlango wa nyuma, uchochoro wa mapipa ya taka, gari. Hatujafika Stratford Road, Mbarouk kapiga simu. Salma kamjibu baba amelala. Nikajifunika kofia usoni kama mwizi.

Njia ya kwenda ngomeni inapita ndani ya bustani ya wanyama. Nilikuwa nimesahau. Salma akinisukuma kwenye kiti cha magurudumu kaniambia, "Baba, simba wa kwenu hao, wasalimie." Maisha yangu yote huku, na bado napelekwa kutazama simba. Kilima ni kikali. Alihema mpaka nikaona aibu kwa uzito wangu, na huu uzito ni mifupa mitupu.

Uani kulikuwa na sherehe ya watoto. Mataji ya karatasi, panga za plastiki, makelele. Pale pale pa mkeka wetu. Mnara nimeutazama kutoka chini. Nilikuwa naupanda bila kushika ukuta. Hasira ilinipanda.

Basi nikasema, katikati ya makelele. Nizikwe hapa. Si Unguja.

Salma kapiga magoti mbele ya kiti. "Kwa nini, baba? Mama mwenyewe hakutaka. Yeye alibaki kwa sababu ya korona, ndege zilizuiwa. Wewe hujazuiwa na mtu."

Nilifungua mdomo. Nikasema nasikia baridi, twende.

Safari yote ile, na nimesema nusu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Salma kamweleza Mbarouk. Kaja bila Bi Asya, bila sufuria. Hakukaa.

"Mwalimu, mpwa wako kule nimwambie nini? Kwamba umepata mwanamwali huku?"

Sikucheka. Naye hakuwa anatania.

"Maskini mkeo alililia kwao akakosa ndege. Wewe ndege unayo, unaikataa! Hata haya huoni?"

Nikasema ni wosia wangu, auheshimu. Sauti imetoka nyembamba. Amesema wosia usio na sababu ni ukaidi wa uzee. Kweli. Sababu ninayo, nimeikalia. Kafunga mlango polepole. Bora angeubamiza.

Jumatano, 15 Oktoba

Hakuna aliyekuja, jana wala leo. Mbarouk kawaambia watu niachwe nipumzike. Nilidhani nitafurahi. Nyumba imekuwa kubwa.

Jua kidogo dirishani. Salma alikuwa ananikata kucha. Nikamweleza alichosema mama yake pale uani, mara ya mwisho tulipokwenda. Aliweka kiganja kwenye ukuta na kusema, "Nikifa usiniache kwenye nchi ya mawe baridi. Nipeleke kwetu." Nikamwahidi.

Salma aliendelea kukata.

Nikamwambia kuhusu simu. Zuleikha alikuwa hajaoshwa bado. Wakala wa usafirishaji alisema tukisubiri kidogo, nafasi ya jeneza itapatikana. Nikamjibu hatuna haja, dini inatutaka tuharakishe kumsitiri maiti. Dini niliitumia tu. Niliogopa kubaki huku na kaburi lake liwe kule, nisiweze hata kulizuru Ijumaa. Nilipokata simu nikawatangazia wote. Watu wakalia, wakanihurumia. Nikaupokea mkono wa kila aliyenipa pole.

Nimemweka hapa asipopataka. Siwezi sasa kupanda ndege nikamwacha.

Mkasi ulisimama. Kidole changu gumba kilikuwa bado mkononi mwake. Hakukiachia.

Ndege ilikuwapo. Mimi ndiye niliyesema haipo.