Landrova Yenye Jina Langu

Baba,

Mvua zimewahi mwaka huu, na mimi mwanao Kabula nina wivu. Nakwambia wewe kwa sababu walio hai watanicheka: mama mzima, mwenye gari lake, anamwonea kaka yake wivu kwa ajili ya Landrova kuukuu iliyofungwa mlango kwa waya.

Ndiyo, nimenunua gari. Hukuliona. Linawaka kwa kubonyeza kitufe, lina kiyoyozi, na nikirudi nyuma linanionyesha hata mbuzi aliyelala. Majirani hapa Somanda walikuja kunipongeza. Landrova yako inavuja, inanuka dizeli na tumbaku, na asubuhi za baridi mpaka isukumwe. Lakini siku ya kuanua tanga, wazee walipompa Masanja, roho iliniuma. "Wewe una kwako kwa mumeo," walisema. Kwani ilinunuliwa kwa mali gani? Ng'ombe wa mahari yangu, baba! Uliwaswaga mnadani, ukarudi na Landrova ya padri aliyekuwa anahama, ukaipa jina langu. Mama ananisimulia kwamba kila asubuhi uliigonga boneti ukasema, "Mwangaluka, Kabula." Kabula mwenyewe yuko mjini, hana wa kumwamkia hivyo.

Wiki iliyopita nilikwenda Nkololo kumwona mama. Kabla sijafika, gari langu likazama kwenye tope jeusi la mbugani. Matairi yanazunguka, vitaa vyote vinawaka, haliendi. Nikampigia Masanja. Akaja taratibu na Landrova, injini inakohoa, watoto wanaikimbilia wakishangilia. Akafunga mnyororo, akanivuta. Shangazi alikuwa pembeni anapiga vigelegele: "Kabula kamvuta Kabula!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa nje tu.

Tulipofika nyumbani nikamwomba funguo. Nikakaa kwenye kiti chako, kimebonyea pale pale ulipozoea kukaa. Nikajaribu gia, ikakwaruza, ikagoma. Gari langu halina hata klachi, ningejulia wapi? Masanja akainama dirishani: "Mzee alisema ibembeleze, usiilazimishe."

Mzee alisema. Ulimwambia yeye! Safari zote za kupeleka pamba alikaa pembeni yako, akaona mkono wako unavyokwenda. Mimi nilitoka nyumbani ndipo Landrova ikaingia. Nilishuka, nikaenda kusimama nyuma ya zizi mpaka macho yakauke.

Amesema atanifundisha, na nimekubali. Nakuahidi nitajifunza, baba, mpaka niiendeshe mwenyewe nije kukuamkia hapo ulipolala. Pumzika, usituhangaikie. Masanja ni mwalimu mzuri, ana subira, hakunigombeza hata gia ilipokwaruza.

Ila mimi nilitaka unifundishe wewe.

Mwanao,
Kabula