Jina Ambalo Bibi Udameda Hakulitaja

Alhamisi, tarehe 3 Julai. Baridi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya Nangara, mlima Kwaraa hauonekani kabisa. Saa kumi na mbili yalidondoka manyunyu kidogo, yakakatika.

Mama,

Shikamoo. Ulikuwa hutaki mtu ashike kazi kabla ya chai, lakini leo chai imenishinda, ipo hapa pembeni imeshapoa. Sasa ni saa moja na dakika ishirini. Saa nne natakiwa mbele ya baraza la kata. Yale nitakayoyasema nimeyaandika kwenye karatasi mara tatu, na mara zote tatu yanasomeka kama maneno ya mtu anayejitetea. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, kwenye hili daftari langu la kila siku. Labda kwako yatanyooka.

Tangu ulipoondoka mwezi wa kumi na moja, watu hawajaacha kugonga mlango. Wanaotoka mbali hawana habari. "Mama Rehema yupo?" Nawaambia. Wanakaa kwenye benchi lako, wanalia kidogo, wananipa pole, halafu wanafuta macho na kusema, "Basi wewe mwanae tusindikize hospitali, tukasemewe kwa daktari." Hivyo ndivyo nilivyorithi kazi yako ya ukalimani, bila mtu kuniuliza kama naiweza. Kule Bagara kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, bosi wangu ameanza kunitania: "Rehema, wagonjwa wako wamefika." Ananiruhusu, lakini macho yake yako kwenye saa.

Nilidhani naiweza, Mama, kwa sababu nina ile kaunta buku.

Unaikumbuka. Nilipomaliza kidato cha nne nikawa nakusindikiza sokoni na maziwa, na wakati wateja hawapo nakuhoji. Kila lugha niliipa kurasa zake, nikazipiga mistari kwa rula. Hukulijua neno "kitenzi", ukakiita "kazi", na mpaka leo sijasikia maelezo yaliyonikaa kichwani kuliko yako. Ulisema Mdatoga anaanza na kazi: kabla hujajua ni nani, umeshajua amefanya nini. Mswahili anaiweka kazi katikati. Mgorowa anaiacha mwisho kabisa, kama mtoto anayekula ugali wote huku nyama ameisogeza pembeni ya sahani. Kwa hiyo ukimkalimani Mgorowa funga mdomo mpaka amalize, na ukimkalimani Mdatoga usikimbie naye, mwenye kazi yuko nyuma anakuja. Mrangi naye, ukamcheka, akisema atakwenda kesho anatanguliza kwenda, ndipo anakuja kusema kwamba ni yeye, na kwamba ni baadaye.

Ulinionyesha pia kwamba kwetu Wadatoga sauti ya neno ikipanda au ikishuka ndiyo inayomtambulisha aliyepiga na aliyepigwa. Niliwaza sana juu ya hilo. Kwa Kiswahili ukigeuza maneno ya "mbwa amemuuma mtoto", mbwa na mtoto wanabadilishana kosa. Na ukaniambia Mgorowa ana "wewe" ya mwanaume na "wewe" ya mwanamke, ndiyo maana yule fundi viatu pale stendi alicheka siku nilipomsalimia, nilikuwa nimemgeuza mama. Yote niliandika. Na kwenye kurasa za Kidatoga niliandika pia, kwa wino mwekundu: "Mvua. Maneno mawili. Mama hutumia moja, watu wengine hutumia lingine. Sababu?" Nilikuuliza. Ukasema, "Andika hilo langu, linatosha." Ukainuka kwenda kusuuza kibuyu ambacho kilikuwa kimeshasuuzwa.

Sasa nikwambie nilichokifanya.

Wiki mbili zilizopita baraza liliniita nimkalimani Bibi Udameda, mjane wa kule mbele ya Bonga. Ni Mdatoga mwenzetu, Kiswahili chake ni cha salamu na cha dukani. Ana shamba la mahindi ambalo anasema alipewa na baba wa mumewe alipoolewa. Mtoto wa shemeji yake, anaitwa Petro, anasema babu alimwazima tu, na sasa mume amekufa, shamba lirudi kwa wajukuu. Baraza linawasuluhisha. Wasipopatana, kesi inakwenda juu pamoja na yale maandishi ya karani, na kule juu watasoma kilichoandikwa. Bibi hana shamba lingine.

Alieleza vizuri. Nilimfuata neno kwa neno, nikasubiri mwenye kazi afike, nikajiona kama wewe. Kisha mwenyekiti akauliza, "Huyo mzee aliyekupa, jina lake nani?"

Nikamgeuzia swali. Bibi akanyamaza. Akavuta ncha ya shuka akafunika mdomo, akaniangalia mimi. Siyo mwenyekiti, mimi. Mwenyekiti akarudia, nami nikarudia. Kimya. Watu wakaanza kukohoa, karani ameinua kalamu. Mwenyekiti akaniambia, "Binti, anasemaje?"

Nikasema, "Hakumbuki, mzee."

Hakuwa amesema kitu, Mama. Niliogopa kile kimya. Nilikuwa na kalamu ya karani mbele yangu na sikutaka ionekane nimeshindwa kazi, nikajaza pengo. Karani akaandika. Petro akasimama, akasema kwa sauti ya kucheka, "Wazee wangu, mtu hata jina la aliyempa shamba hakumbuki, shamba amepewa na upepo?" Watu wakacheka. Baraza likaahirishwa mpaka leo.

Njiani Bibi hakunilaumu. Alinishika mkono tuvuke barabara, akaniuliza kama nyumbani tuna kuni.

Nisingejua mpaka leo kama nisingepita Jumamosi kwa mama mkubwa, dada yako, pale Bonga. Nilimsimulia kama kichekesho cha kazini, kwamba bibi wa watu amesahau jina la baba mkwe. Mama mkubwa aliacha kuchambua maharage. Akasema, "Wewe mtoto wa mjini. Mama yako aliishi ua mmoja na babu yako mzaa baba mpaka mzee akafa. Ulimsikia lini anamtaja?"

Nikasema ni heshima, hata Waswahili hawamtaji mkwe hovyo.

"Siyo hovyo," akasema. "Hatumtaji kabisa. Wala neno linalofanana naye. Babu yako alizaliwa mvua inanyesha, jina lake limetoka huko. Mama yako aliolewa, akaiacha mvua mlangoni, akachukua neno lingine mpaka kaburini. Na wewe umelinyonya hilohilo."

Nilikaa pale kwenye kigoda chake nikakumbuka mambo, mfululizo, kama mtu anayehesabu vitu baada ya mwizi kupita. Likizo zile tulipokwenda kwa ndugu porini, binamu zangu walikuwa wakinicheka nikitaja mvua: "Anaongea kama mke wa mtu." Nilidhani wanacheka lafudhi ya mjini. Na siku ile ya kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu akauliza majina matatu. Ulisema Rehema, ukasema jina la baba, na kwenye la tatu ukanisukuma begani: "Mwambie mwalimu." Nililisema kwa sauti kubwa, wewe umeangalia dirishani. Miaka yote hii nimeamini ulikuwa unanifundisha ujasiri. Ulikuwa unanituma nikavuke mahali ambapo wewe huwezi kupita.

Kwa nini hukunieleza? Nauliza tu, silaumu. Nadhani kulieleza kungekulazimu ulikaribie.

Nimehesabu kwenye kaunta buku, nimepata maneno tisa ya namna hiyo. Nimejifunza lugha yetu kwa miguu yako, na popote ulipozunguka nami nimezunguka, nikaita njia.

Na Bibi Udameda aliniangalia mimi kwa sababu aliona mtoto wa Kidatoga. Alijua nitamwelewa.

Siku tano hizi sijalala sawasawa. Nasinzia, nashtuka, nawasha simu kuangalia saa, nazima. Ninachokiogopa nakiandika ili nikione: naogopa nikisema nilikosea, watasema mkalimani amefundishwa nyumbani kwa Bibi, na kosa langu litamfanya yeye aonekane mwongo zaidi. Naogopa pia nikinyamaza. Nikinyamaza lile neno "hakumbuki" litatembea na shamba lake mpaka mwisho. Naogopa kumwona akiniangalia tena vile.

Saa mbili na nusu. Ukungu bado haujainuka. Navaa ile sweta yako ya kijani. Nakwenda.

*

Nimerudi, Mama. Ni saa nane na nusu mchana. Jua limetoka. Naandika haraka kabla hayajanitoka, utasamehe mwandiko.

Sikungoja waanze. Nilisimama kabla karani hajafungua jalada, nikasema, "Mzee mwenyekiti, naomba kusahihisha. Siku ile niliposema Bibi hakumbuki, Bibi hakusema hivyo. Hakusema neno. Nilijibu mimi." Ile karatasi yangu sikuisoma hata mstari. Nikaeleza mwiko wenyewe, kwamba kwetu mke halitaji jina la baba wa mume wake, na kwamba mimi ni Mdatoga niliyelelewa mjini, nimelijua hilo juzi nikiwa na umri huu, na naona aibu.

Petro akainuka. "Si niliwaambia? Wamekaa naye wiki mbili wamempika. Mila zimezaliwa juzi."

Mwenyekiti, unamjua, yule mzee wa Kigorowa aliyekuwa akinunua mtindi kwako na kulalamika ni mchache, hakumjibu. Alipitisha macho kwenye mabenchi, akamwona mke wa Petro kule nyuma na mtoto mgongoni. Akamwita, "Mama, samahani. Baba yake Petro, mkwe wako, anaitwa nani?"

Yule dada anajua Kiswahili kuliko mimi, amesoma. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akamwangalia mumewe, akashusha macho, na mkono ukapanda wenyewe na ncha ya kanga mpaka mdomoni. Mtoto akalia na hakumbembeleza. Mwenyekiti akangoja. Nilitamani kusema chochote, ni ugonjwa huu nilio nao, lakini niliuma ulimi. Kimya kilikaa mle ndani mpaka tukasikia pikipiki zinazopanda barabara ya Dodoma.

Mwenyekiti akamwuliza Petro, taratibu kabisa, "Na mkeo amesahau?"

Mama mmoja wa baraza, mwenye duka la vitenge, akacheka mpaka akavua miwani. Petro hakucheka. Alijua, Mama. Alijua tangu siku ya kwanza, na aliegemea kwenye kimya cha Bibi kama mtu anavyoegemea ukuta.

"Basi tusaidie wewe, wewe si mke wa mtu," mwenyekiti akamwambia. "Babu yako aliitwa nani?"

Ikabidi alitaje. Alilitaja akiangalia sakafu. Na Bibi Udameda, aliposikia, alishusha shuka kutoka mdomoni, akatikisa kichwa kukubali, mara moja, akasema kwa Kidatoga: ni huyo. Nikakalimani: "Anasema, ni huyo." Sikuongeza kitu.

Karani alikata lile neno kwa mstari, akaandika upya, akanipa nisome kwa sauti kabla sijaweka sahihi. Wiki ijayo wote wanakwenda shambani kuoneshwa mipaka. Shamba halijaamuliwa, Petro ana maneno mengi bado, na mimi nitakuwepo. Bado naogopa. Lakini hofu ya leo ina mahali pa kukaa.

Nje, Bibi alinishika mkono tena. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikakutaja. Akasimama kidogo katikati ya njia. Akasema, "Yule wa maziwa. Yeye alikuwa anasubiri." Halafu akaniuliza tena habari za kuni.

Mama, nakuaga kwa leo. Nakuahidi jambo moja: mtu akinyamaza mbele yangu, nitasema amenyamaza. Sitamjazia. Na yale maneno yako tisa sitayafuta kwenye kaunta buku wala sitayaita makosa. Nimeyapigia mstari chini, na pembeni ya kila moja nitaacha nafasi wazi.

Nisalimie huyo mzee aliyeondoka kabla yako, baba yake baba. Mimi naruhusiwa kumtaja, nilimtaja hata mbele ya mwalimu. Lakini barua hii ni yako, na nisingependa uisome ukiwa umefunika mdomo.

Mwanao,
Rehema

Nimeongeza saa moja jioni, baada ya kuamka: nililala saa tisa na robo alasiri, na sweta mwilini.