Misumari Kwenye Kopo la Sheria

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba msaada na naomba usinicheke, wa kuchekesha watu huwa ni mimi. Mimi ni fundi viatu, shule tuliachana darasa la nne bila ugomvi, lakini mdogo wangu wa kike niliyemlea tangu mama atutoke yuko chuo, na Ijumaa ya wiki ijayo anatakiwa kurudisha fomu ya kozi atakayosomea, na alikuwa hajui achague nini, mara uuguzi, mara sheria, mara uhasibu, mwisho akaniambia, "Kaka, nichagulie wewe," mimi ambaye fomu yenyewe niliishika juu chini, basi nikaweka makopo matatu mezani, kila mteja achukue msumari mmoja autie kwenye kopo la kazi anayoona inamfaa mdogo wangu, siku tano, watu wakafurahi, hata wenye viatu vizima wakasimama.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Uuguzi ulikuwa unaongoza, na mimi nilishaanza kujisikia kaka wa wakili, hivyo wakati wa kufunga, misumari ya kazi niliyoibana mdomoni nikaitema yote kwenye kopo la sheria. Nikamwambia watu wameamua. Akasema, "Sawa, kaka," akajaza, na tangu siku hiyo chakula anakizungusha tu kwenye sahani, fomu iko juu ya kabati, kila asubuhi ananiuliza, "Lakini wengi walisema sheria, si ndiyo?" Namjibu ndiyo. Nikisema ukweli, ataniamini tena?

Fundi Meno Nje

Fundi, umenichekesha, halafu umeniudhi. Mtu anayeuliza swali lilelile kila asubuhi hajaamini jibu lako. Na hata uuguzi ungeshinda, wateja wako walikuwa wanasubiri soli zao. Hakuna atakayeingia na mdogo wako kwenye mtihani. Pole, najua unampenda. Lakini anayetaka wakili ni wewe, si yeye.

Mwambie leo, bila kichekesho hata kimoja. Akinuna, mwache anune. Aende chuoni aombe fomu nyingine. Kisha hivyo viatu unavyoshona vina wenyewe: kati yao tafuta nesi, wakili na mhasibu, waombe akae nao kazini nusu siku nusu siku kabla ya Ijumaa, aone wanafanya nini, si wanavaa nini.

Akirudi atakusimulia, na utatamani kumkatiza. Misumari yako unajua pa kuibana. Usiiteme mpaka amalize.