Nilimfungia Wifi Yangu Mtandao, Mama Akafa Hawajaonana

(Majina tumeyabadilisha.)

Mpendwa mshauri Bi Mwongeli, naomba unisaidie kabla moyo haujanipasuka, maana hili sijamwambia hata pasta.

Mimi naitwa Kalekye, naishi mtaa wa Fedha na mume wangu Willis, dereva wa malori ya masafa marefu ambaye kwa mwezi tunamwona mara mbili tu, na tangu Januari tunaishi na dadake aitwaye Awuor, ambaye kiwanda alimokuwa akishona nguo kilifungwa akakosa pa kulala, nami nikamkaribisha kwa moyo mweupe, Mungu ni shahidi. Mama yao kule Siaya alipatwa na kiharusi akapoteza kauli, kwa hivyo simu ya kawaida haikumfaa, ilibidi waonane kwa video, na kila jioni Awuor alikaa sebuleni kwangu akimwongelesha kwa Kijaluo na kumwimbia tenzi kwa sauti kubwa, naye mama anainua mkono mmoja tu, na mimi Mkamba nisiyejua hata neno nikawa nasikia jina langu, Kalekye hivi, Kalekye vile, halafu anacheka, nikajiambia huyu ananisengenya ndani ya nyumba yangu.

Basi siku moja niliingia kwenye mipangilio ya ruta kwa simu yangu, nikaona orodha ya simu zote zinazotumia waifai yetu, nikabonyeza ya Awuor, nikaizuia. Nilikusudia siku mbili tu, nipumzishe masikio.

Jioni akaniuliza, "Wifi, waifai imekuwaje? Simu yangu inakataa kuingia."

Nikamjibu, "Labda ni simu yako. Yangu iko sawa."

Akaizima akaiwasha, akaufuta mtandao akaingiza paswadi upya, akasogea mpaka karibu na ruta, akaichomoa, akangoja, akairudisha, nami nimekaa kwenye kochi namtazama. Aliniomba simu yangu mara moja nikasema chaji imeisha. Bando ndogo za intaneti alizoweza kununua zilikatika kabla mama hajamwona vizuri. Siku mbili zikawa kumi na moja, kwa sababu kila nikitaka kuifungua niliona ni kama kukiri.

Siku ya tisa aliipeleka simu kwa fundi kule mtaa wa Jericho, fundi akamwambia, "Hii ni kuiflash tu, siste, itakuwa mpya," akakubali, ikarudi tupu, na jumbe za sauti ambazo mama alikuwa amemtumia kabla ya kiharusi zote zikaenda. Na bado waifai ikakataa. Siku ya kumi na moja Omolo, kaka yao anayeishi na mama, akapiga simu ya kawaida. Mama ametuacha.

Kwenye mazishi binamu yao Roseline alinikumbatia akasema, "Kumbe wewe ndiye Kalekye! Awuor alikuwa anamwambia mama kila siku ulichompikia, kwamba unamtunza kama mdogo wako." Nilienda kutapika nyuma ya hema.

Sasa tumerudi, simu yake nimeifungua kimyakimya, na Awuor hali chakula, analia tu akisema, "Ningekuwa na simu nzuri, mama angeniona." Nimwambie nivunje ndoa na undugu, au nife nalo?

Kalekye, Fedha

*

Kalekye,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Kuchoshwa na mgeni si dhambi. Sebule ni yako. Ungemwambia, "Awuor, ongelea chumbani," yangeisha. Badala yake ukakaa kwenye kochi ukimtazama akihangaika na simu isiyo na kosa. Usiniambie ulikusudia siku mbili. Pole nakupa, maana aliyetapika nyuma ya hema bado ana utu, lakini pole peke yake haitakufikisha popote.

Hukumuua mama. Kiharusi ndicho kilichomuua. Usijibebeshe hilo, wala usilifanye kilio chako mbele ya mfiwa. Ulichochukua ni siku kumi na moja, na hizo hazirudi. Ila Awuor amebeba kosa lako akidhani ni lake, na kila siku ukinyamaza unamwongezea mzigo. Kwa hivyo ndiyo, mwambie.

Kwanza, muulize Omolo simu ya mama iko wapi. Sauti alizotuma mama huenda bado zimo mle, hata kama kwa Awuor zimefutika. Mwombe wasiifute, wasimpe mtoto achezee, wasiipeleke kwa fundi yeyote. Usimwahidi Awuor chochote mpaka zipatikane.

Kisha zima televisheni, mketi. Mwambie yeye kabla ya Willis, kwa sababu aliyeumizwa ni yeye. Usimsingizie shetani, wala usitaje uchovu. Sema: "Simu yako haikuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyeifungia. Nilidhani unanisema." Akikutukana, kaa usikilize. Akitaka kuhama, msaidie kufunga mizigo, na usimng'ang'anie mkono ukimlilia akusamehe leo. Anaweza kuchukua miaka. Anaweza asikusamehe kabisa, na itabidi uishi na hilo.

Willis naye aambiwe siku ile ile atakayoshuka kwenye lori, kwa mdomo wako, si wa jirani. Ndoa ikitikisika, heri itikiswe na ukweli kuliko kusimama juu ya uongo.

Weka gazeti chini. Mpigie Omolo sasa hivi.

Bi Mwongeli