Kengele ya Sarafu za Bure

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Nguo za shule zianue kabla ya mvua. Mama yako nampeleka kliniki mwenyewe.

Kengele ya simu yako ilipolia alfajiri ukaruka kitandani, nikafurahi: leo kakumbuka kliniki. Kumbe unakimbilia sarafu za bure za ule mchezo wako wa kasino. Mama amekaa mlangoni, mkoba mapajani, na wewe hadi naandika hapa umejifungia bafuni unazungusha magurudumu ya mchezo kwenye simu. Nimebisha, ukasema "natoka". Nimebisha tena, ukanifokea. Kila siku unaniambia ni bure, hupotezi kitu. Na nafasi ya mama kwenye foleni, hiyo si kitu? Na huu ukali umeanza lini?

Sijakukataza kucheza. Cheza jioni kazi zikiisha, na kengele iwe ya kukwambia acha, siyo ya kukuamsha. Hiyo ya alfajiri ifute leo.

~~Usinipigie simu.~~ Piga mchana, mama atataka kusikia sauti yako. Namwambia twende, ananiomba tukusubiri kidogo, anadhani unaongea na bosi wako. Sijamwambia. Utamwambia mwenyewe.

Mama watoto