Bei ya Land Rover ya Papa Christa

Siku ya kwanza, tarehe 4 mwezi wa tatu

Leo bwana yangu Nshuti, Papa Christa mwenyewe, ametangaza mbele ya batoto, uji iko bado mu mudomo: tutauzisha Land Rover. Aleluya! Miaka yote nasema mimi, na leo njo Roho Mutakatifu amemufikia.

Aka. Siyo Roho Mutakatifu, ni Papa Mbonigaba. Jana kisha misa alitusimamisha ku mulango wa kanisa: ile shamba yake yenye tunalimaka kila mwaka, anaiuzisha. Kuna muntu anaitaka ya malisho ya ngombe. Lakini sisi njo wa kwanza kuambiwa, juu ya heshima. Atatungojea mpaka siku ya kwanza ijayo, tarehe 11. Dola elfu mbili na mia tano. Kama hatuna, basi, maharagi kwaheri, mihogo kwaheri, na batoto watakula heshima.

Na tuko na nini ya kuuzisha? Ngombe mbili zilikwenda zamani kununua motere ya ile motokari. Imebaki moja tu, ya maziwa ya nyumba. Motere yenyewe haizai, haikamuliwi. Inakunywa tu.

Siku ya pili, tarehe 5

Bei. Nshuti ameketi kando ya motokari tangu asubui, anafikiri sawa ministre.

Niiandike hapa, nicheke peke yangu. Ilikuwa ya mapadri, mbele mi sijazaliwa. Mwili, Land Rover. Motere, ya Hilux. Kiti ya shofere ilitoka mu bisi fulani, Mungu anajua gani. Nyuma alikata bati akaweka mbao ya kulalia na godoro, juu akachomea vyuma ya kubebea bidoni za maziwa. Rangi ni kijani — ile niliyonunua ya mulango wa nyumba! Mulango mpaka leo uko uchi.

Anasema: Land Rover ya zamani iko na bei yake, motere ya Hilux iko na bei yake, kazi ya mikono yake iko na bei yake. Unajumulisha. Akajumulisha. Elfu sita.

Nikamuuliza kama rangi yangu iko ndani. Akasema mi sijui mambo ya motokari. Kweli kabisa! Najua tu kuisukuma.

Siku ya tatu, tarehe 6

Amemuita Samy, fundi, mwenye alimusaidia kuweka ile motere. Alizania rafiki atamupa haki. Samy akazunguka motokari, akaingia chini, akatoka, akapanguza mikono polepole. Hapo nikajua.

Akasema: Papa Christa, muntu anatafuta Land Rover ya zamani, anataka Land Rover. Muntu anatafuta Hilux, anataka Hilux. Wewe uko na nini sasa? Kila kintu uliongeza njo inapunguza bei. Elfu mbili, na uombe Mungu.

Nshuti hakula mangaribi. Ati Samy ana wivu. Wivu ya nini, baba? Ya kusukuma?

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Elfu mbili haifiki shamba.

Siku ya ine, tarehe 7

Mama Élisabeth, ule wa kupeleka fromage, ile jibini ya maziwa, Goma, amekuja kuona. Alipenda vyuma za bidoni. Akatoa elfu moja na mbuzi. Nshuti akasema mbuzi inaonekana mugonjwa. Eeh! Ile mbuzi ilifika hapa kwa miguu yake, hakuna muntu aliisukuma.

Siku ya tano, tarehe 8

Mvua. Hakuna muntu. Nshuti ameosha motokari — mu mvua! Bei imepanda, sasa ni elfu sita na mia tano. Juu ya nini? Imeoshwa.

Siku ya posho, tarehe 9

Estelle, dada yangu wa Goma, amepata muntu. Jina Guy. Anakusanyaka motokari za zamani, anazitengeneza, anazitazama. Hazibebi kintu! Zinakaa tu mu garage sawa sanamu za bikira. Estelle alimuonyesha foto yenye ilipigwa mbali sana. Dada yangu ana akili. Guy anakuja kesho.

Nimemuambia Nshuti: kila bei yenye inapita elfu mbili na mia tano, unasema ndiyo na unafunga mudomo. Ameapa. Ameapa kwa jina la mama yake, na mama yake hakupatana naye hata siku moja.

Siku ya yenga, tarehe 10

Niandike mbio.

Kisha misa nilibaki na chorale. Nikafika nyumbani, nakuta Guy amefika. Jeep nyeupe, shati nyeupe, viatu nyeupe mu matope yetu. Na mukononi — Mungu wangu! — kikombe ya maziwa. Na Nshuti iko na yake. Wamekunywa pamoja!

Kwetu huku milimani, muntu mwenye umekunywa naye maziwa mu nyumba yako, haumubishii tena mambo ya bei. Amekuwa wa nyumba. Kwanza bei, maziwa kisha. Batoto wa kuchunga ndama wanajua! Na bwana yangu, mwana wa bachungaji tangu babu ya babu, ametanguliza maziwa. Namuuliza kwa macho. Anajibu kwa sauti ndogo: jua ilikuwa kali, mugeni alikuwa na kiu.

Guy yeye ni wa mugini, wa Goma, kwake maziwa ni maziwa. Akapanguza mudomo, akataja bei: elfu mbili na mia nane.

Shamba! Na mia tatu juu! Lakini Nshuti anatazama chini. Kukatala hawezi, maziwa iko tumboni. Kukubali, roho haitaki. Akanivuta nyuma ya jiko: Mama Christa, wewe haukunywa naye. Wewe njo utajibu.

Vizuri sana! Kazi nyepesi kuliko zote za maisha yangu. Kusema ndiyo.

Tukarudi. Guy anaeleza vile atafanya: mbao itatoka, vyuma itatoka, motere itatoka, atarudisha originali yote. Akafungua nyuma, akagonga na kiatu ule mbao wa kulalia na godoro yake. Ati hii njo itatoka ya kwanza, ilikuwa ya nini?

Nshuti akajibu polepole: bibi yangu huyu alizalia humu, tukienda Walikale, tulikwama mu matope mbele ya kufika Ntoto. Alizaa juu ya magunia ya mihogo. Nikasema hatalala tena juu ya mihogo. Nikamutengenezea kitanda.

Miaka yote nilizania kitanda ile ni ya kubeba bagonjwa, alipwe. Nilimugombeza juu ya godoro! Muntu huyu anaweza kukuambia mambo ya motere mpaka kuku zinalala, na hii hakuniambia hata siku moja. Anaiambia viatu nyeupe. Nilikasirika, na machozi ilikuwa karibu, na sijui gani ilikuwa ya nini.

Guy akatikisa kichwa kwa adabu. Akanigeukia: basi Mama, unasema je?

Nikafungua mudomo kusema ndiyo. Ikatoka: elfu saba.

Elfu saba! Nshuti mwenyewe alishika mulango wa motokari. Hata yeye, na wazimu wake yote, hakufikaka kule.

Na Guy hakukasirika. Angekasirika tu! Akasema bon, wako wawili mu ile kazi, lazima aongee na mwenzake Goma. Mwenzake akikubali, ataacha pesa leo leo. Akikatala, atarudi zake, hatabishana na mama wa nyumba. Nikamuonyesha kilima nyuma ya kanisa, kule njo rezo ya telefone inapatikanaka.

Sasa namuona ku dirisha ya jiko. Anapanda, telefone juu ya kichwa. Viatu haiko tena nyeupe. Nshuti iko ndani ya motokari, mikono ku usukani, haendi popote, hanitazami. Kesho asubui Papa Mbonigaba anakuja. Kama shamba inakwenda, ni mimi nitaeleza batoto. Siyo Nshuti, siyo maziwa. Mimi.

Nimejaribu kuomba. Nimepiga magoti hapa kando ya makaa. Bwana Yesu, umupatie rezo — na pale ulimi unasimama.

Amefika juu. Anaweka telefone ku sikio. Anaitoa, anaitazama. Anasogea kidogo. Anaiweka tena.

Nami, mama wa batoto, muimbaji wa chorale, naomba rezo ikatike.